Mkebe wa Baba: siku sita kwenye maji ya Kivu

Jumatatu, 10 Julai 2023. Kituku, Goma

Tumefika Kituku kabla ya jua kuchomoza: dada yetu mkubwa, ambaye sisi wa Goma tunamwita Yaya, mwanawe wa mwisho mwenye miaka 12, na mimi. Ufuo ulikuwa umeshaamka zamani. Wachukuzi wanapita wameinama chini ya magunia ya makaa, chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zimeegemezwa kwenye mawe meusi, akina mama wanajaza madumu ya njano palepale mitumbwi inapofungwa. Misa ya arobaini ya Baba ilisomwa jana. Leo tunaanza kazi aliyotuachia.

Kazi yenyewe iko kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, kwa mwandiko wa Yaya, maana mkono wa Baba ulikuwa umeshakataa kushika kalamu. Juu kumeandikwa "Watu wa kuambiwa". Hawakutajwa kwa majina, kwa sababu Baba aliwajua watu kwa kazi zao: Mama wa mananasi, Bugarula, Idjwi. Fundi wa moteri, Muhanzi, Bukavu. Na wengine watatu, ambao wawili kati yao tumeshasikia kwamba walimtangulia. Chini kabisa kuna amri: "Musibapigie simu. Mwende na maji, vile nilikuwa naenda."

Alitutoka tarehe 31 Mei, ana miaka 87. Alizaliwa Idjwi, kisiwa kikubwa cha ziwa hili, mwaka 1936, akapanda meli kama kijana wa kufagia sitaha mwaka 1955, wakati wazee wengi bado waliiita Bukavu kwa jina la Costermansville. Akashuka mara ya mwisho mwaka 2003. Miaka 48 juu ya ziwa moja. Aliyezoea bahari ataona ni maji ya kuoga, lakini Kivu, pamoja na urefu wake wa kilomita kama 90 tu, mahali penye kina kirefu inakwenda chini zaidi ya mita 470, na chini huko imelala hewa ya methani na kabonidayoksaidi, nyingi kuliko mtu anavyoweza kuwaza. Baba alikuwa akisema ziwa hili linabana pumzi, kwa hiyo tulipite kwa adabu.

Nimebeba mkebe wake. Ni mkebe wa maziwa ya unga, rangi imebanduka yote, kifuniko kimegongwagongwa kwa nyundo mpaka kikakubali kukaa. Kando yake kuna kifuko cha kitambaa chenye maharagwe meupe, yaliyolainika kama vijiwe vya mtoni kwa kushikwa miaka mingi. Kila mtu alipopanda, punje moja ilitoka kwenye kifuko ikaingia mkebeni. Aliposhuka, punje ilirudi. Karatasi ya abiria iliandikwa na karani, na karani huandika anachoambiwa. Tena karatasi haikuwa na mstari wa mtoto wa mgongoni. Kwa Baba, mtoto wa mgongoni alikuwa punje nzima.

Niliufungua jana usiku kuusafisha. Mkebeni mlikuwa na haragwe moja jekundu, peke yake. Nikadhani limeingia kwa bahati mbaya kutoka jikoni, nikataka kulitupa. Yaya akanishika mkono. "Acha vile Baba aliacha."

Mpwa wangu ndiye aliyehesabu abiria leo. Karatasi ilisema 48. Punje zilisema 61. Majaketi ya kuokolea yalikuwa yamefungwa kwa kamba kwenye rundo moja karibu na moteri, na kwa macho yangu hayakufika 30. Nilimweleza kijana wa boti, akanijibu kwa upole kwamba tusiogope, ziwa limetulia. Kweli lilikuwa limetulia.

Tumeondoka jua likiwa limeshapanda. Nyuma yetu mlima wa volkano wa Nyiragongo haukuonekana, ukungu wa kiangazi umeufunika mpaka kiunoni. Tulipoacha ufuo nilitazama pale lava ilipoingia ziwani tarehe 17 Januari 2002, baada ya kupita katikati ya mji na kuunguza kanisa kuu. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Baba alikuwa na miaka 65, alikuwa na ruhusa ya kukaa nyumbani, akachukua mkebe akashuka bandarini huku watu wote wakikimbilia Gisenyi au Sake. Alivusha watu usiku mzima. Sisi tulimtafuta siku mbili. Alipotupata upande wa Gisenyi hakusema neno, alipita akigusa vichwa.

Hilo lilikuwa jambo lake la kila siku. Aliporudi usiku, hata saa saba, alikuja na tochi kwenye mkeka tuliolala, akagusa kichwa kimoja kimoja kwa kidole cha shahada, akihesabu kwa sauti ya chini. Tulikuwa saba. Akishafika saba, aligonga mkeka mara moja, akaenda kula. Tuliamini kule kugonga ni kufunga hesabu.

Chegera tumeipita saa nne, kile kisiwa kilichopinda kama kiatu cha farasi kwa sababu ni mdomo wa volkano ya zamani. Upande wetu wa kulia, mbali, kuna mabonde ya ufuoni ambako mazuku hukaa: hewa nzito isiyo na harufu, hulala penye shimo na kuua mbuzi, na mtoto aliyeinama. Baba alitufundisha kutazama wadudu kwanza. Ukiona panzi wamekufa wengi mahali pamoja na majani ni mabichi, usishuke.

Tumefika Idjwi alasiri, migongo imekufa ganzi. Punje 61 zimerudi kwenye kifuko. Jekundu limebaki.

Jumanne, 11 Julai. Idjwi kaskazini

Siku hii nitaiandika polepole.

Nimekua na kinyongo juu ya Baba na sikukisema wakati yu hai, kwa hiyo nikiseme hapa. Nilikuwa naona ziwa ndilo lililokuwa na Baba, sisi tukagawiwa mabaki. Siku mbili kwa wiki alikuwa nyumbani, na katika hizo moja alilala. Hakuwapo nilipobatizwa. Hakuwapo matokeo ya mtihani wa serikali yaliposomwa redioni, na jirani ndiye aliyenimwagia unga kichwani kwa furaha.

Mama wa mananasi tumempata kwenye kibanda chake, juu kidogo ya mahali boti zinapotia nanga. Ni bibi mfupi, jicho moja lina ukungu. Yaya hakuwahi kumaliza salamu.

"Kapiteni amekufa," bibi akasema mwenyewe.

Akakaa chini. Tukakaa naye. Akalia bila sauti, akajifuta kwa kanga ya kichwani, kisha akaanza kutukagua mmoja mmoja kama mtu anayechagua mihogo.

"Wewe ni wa kwanza, ule alizaliwa wakati ya vita ya Schramme. Ulivunjika mukono kwa muembe." Yaya akainua mkono wake wa kushoto bila kujijua. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ni ule wa surua. Ule mwaka alikuja hapa, hakununua kitu. Alisimama pale, akaniuliza surua inakaa siku ngapi. Nikamwambia. Akarudi botini. Safari ya nyuma akapita kunionyesha kidole hivi, kusema umepona."

Nilikuwa na miaka minne wakati wa surua ile. Sijui kama nimewahi kuhadithiwa na mtu nyumbani.

Akaendelea. Alijua nani alirudia darasa la tano. Alijua mdogo wangu aliposwa kwa mbuzi wangapi. Siku ya mtihani wangu wa serikali Baba alifungua redio ndogo juu ya boti, akazima moteri katikati ya ziwa ili asikie vizuri, abiria wakapiga kelele kwamba wanachelewa sokoni, akawaambia wasubiri jina. Jina lilipopita alinunua mananasi ya wote. "Yangu yote yakaisha," bibi akasema. "Hata sikuwa na la kupeleka soko."

Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza kama tutakunywa maji: "Na ule wa nane, munaenda kumusalimia leo ao kesho?"

Nikamtazama Yaya. Yaya alikuwa anatazama chini.

Njia inapanda kati ya migomba na kahawa mpaka kwenye kiwanja cha babu yetu, ambako sasa anakaa mtoto wa baba mdogo. Nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mvumu, kuna mawe matatu ya ziwani yamepangwa, meusi, laini. Hayatoki kwenye kilima kile. Mtu aliyapandisha. Bibi akasema ni mtoto wa kike, alizaliwa hapa mwaka 1973, Mama alipokuja kujifungulia kwa wakwe. Aliishi siku tisa. Baba alikuwa Bukavu na meli. Akafika siku ya kumi.

Yaya ameniambia usiku huu, tukiwa tumelala nyumbani kwa ndugu zetu. Alikuwa na miaka karibu sita. Anakumbuka Mama akirudi Goma na kitenge cha kubebea mtoto kimekunjwa vizuri, amekiweka kichwani. Waliambiwa wasiulize. Hawakuuliza miaka 50.

Nimekumbuka kule kugonga mkeka.

Jumatano, 12 Julai. Kwenda kusini ya kisiwa

Pikipiki mbili, vumbi jekundu, kutoka Rubenga mpaka Ntambuka, maana Idjwi ina utemi wa kaskazini na wa kusini. Mpwa wangu alifurahi kuliko sisi sote. Tulipofika Monvu upepo wa kusini ulikuwa umeshaanza na wenye boti wakakataa kutoka. Vizuri sana. Tumelala.

Usiku mwezi haukuwapo. Wavuvi wa sambaza walikuwa ziwani na taa zao, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu ukiwa katikati, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Baba alipokuwa mtoto sambaza hawakuwepo katika Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na alipenda kutukumbusha hivyo kila tulipolalamika kula sambaza: "Mimi nilikuwa nafanya kazi mbele huyu samaki hajafika."

Alhamisi, 13 Julai. Monvu hadi Bukavu

Boti ya alfajiri, ziwa likiwa limelala. Watu 37, pamoja na watoto wawili wa mgongoni. Mama wa mmoja wao alimwona mpwa wangu akidondosha punje mbili mbele yake, akamuuliza ya pili ni ya nani. Kijana akamnyooshea kidole mtoto. Yule mama akacheka, halafu akamwita tena amwonyeshe mkebe.

Bukavu ukiikaribia kwa maji unaelewa kwa nini watu huiita mkono ulioingizwa ziwani: rasi tano zimenyooka kama vidole, nyumba juu ya nyumba hadi Kadutu. Baba alikuwa na namna ya kuingia: hupunguza mwendo mapema, kabla ya kusikia kelele za soko, ili wimbi la boti lisiwaamshe wavuvi waliolala kwenye mitumbwi yao. Kijana wa boti hii aliingia mbio, na mtumbwi mmoja uliokuwa umefungwa ukagonga mawe. Yaya alinyamaza lakini nilimwona anauma mdomo.

Tumeshuka Muhanzi. Punje 37 zimetoka.

Ijumaa, 14 Julai. Bukavu

Fundi wa moteri bado yupo. Ana miaka zaidi ya 80, haendi tena majini, anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa duka la mjukuu wake na kusikiliza moteri zinazopita. Tulipomwambia, hakushtuka. Alisema aliota. Kisha akauliza kama Baba aliumia sana mwishoni. Tukamwambia hapana, alilala. "Aksanti," akasema, kama tumempa kitu mkononi.

Yeye ndiye aliyetuhadithia mwaka 1967 kwa ukamilifu. Mamluki wa Jean Schramme waliishika Bukavu kuanzia Agosti hadi Novemba, na meli waliyofanyia kazi ikafungwa bandarini. Mama alikuwa Idjwi, ana mimba ya Yaya. Mwezi wa kumi Baba akamwambia fundi: mimi ninakwenda. Akatoka mjini usiku na nguo za kuazima, kikapu cha viazi kichwani kama mtu wa shamba. Akatembea hadi Kalehe, mwendo wa kilomita kama 60, akipita ndani ya migomba kila aliposikia gari. Kule akapata mtumbwi. Alifika Idjwi Yaya akiwa na siku mbili.

"Alifika," fundi akarudia, akimtazama Yaya. "Kwako alifika."

Tulijua alichokuwa anasema na ambacho hakukisema.

Jambo la pili ni lile la kufukuzwa kazi, ambalo nyumbani tulilijua nusu nusu. Miaka ya mwisho ya 1990 Baba aliendesha boti ya tajiri mmoja. Ilikuwa ya watu 80. Karibu na Krismasi watu wakajaa bandarini, tajiri akataka waingie wote. Baba akatia punje ya 80, akafunga mkebe, akakaa juu yake. Tajiri akabembeleza, halafu akatukana, halafu akamwita kijana mwingine kushika usukani. Baba akashuka na mkebe wake. Boti ikaondoka imejaa mpaka juu ya paa.

"Ilizama?" mpwa wangu akauliza.

"Ilifika salama," fundi akajibu. "Njo maana watu walimucheka. Lakini mimi nilikuwa Goma ile asubuhi. Alipanda kanoti ya usiku, akafika mbele yao. Nilimukuta amesimama bandarini na kifuko, anawahesabu wakishuka. Hakusema kitu kwa mtu. Alipomaliza akaenda nyumbani."

Miaka miwili alikaa bila kazi. Nakumbuka miaka ile kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila mafuta na ada za shule zilizolipwa kwa kuuza baiskeli yake. Tulifikiri boti ndiyo iliyokosa abiria.

Nikamtolea mkebe. Alikifungua kifuniko kwa kidole gumba, akajua pa kukibonyeza. Akaliona haragwe jekundu, akatikisa kichwa.

"Hili halikuwahi kutoka. Tukiwa tumefika, watu wote wamekwenda, anarudisha yote, hili analiacha. Siku moja nikamuuliza: kapiteni, hili ni lako wewe? Akaniambia hapana. Mimi nitashuka peke yangu, akasema. Huyu hajui kuogelea."

Nje pikipiki zilikuwa zinapiga honi. Yaya alitoka akasimama barabarani kwa muda mrefu.

Jumamosi, 15 Julai. Kurudi Goma

Tumerudi na meli kubwa, ile inayopita magharibi ya Idjwi. Chakula cha mchana ni bugali na sambaza, pesa kidogo, na nimekula vizuri mara ya kwanza tangu Jumanne.

Mbele ya milima ya Kalehe watu wengi walinyamaza. Kule Bushushu na Nyamukubi kilima kimechanwa, udongo mwekundu umeteremka hadi majini. Mafuriko ya tarehe 4 Mei yaliua watu zaidi ya 400, na maiti nyingine maji yaliwapeleka hadi Idjwi. Baba alikuwa tayari kitandani. Redio ilipotangaza, aliomba tumwinue akae. Hakuuliza ni wangapi. Aliuliza: "Bamehesabiwa bote?" Wengi hawakuonekana tena, na mimi nilimjibu ndiyo. Ni uwongo wa mwisho niliomwambia Baba, na nikiwa mbele ya kilima kile nilitamani ningenyamaza.

Meli ile ilikuwa na watu wengi mno kwa kifuko chetu. Punje ziliisha mpwa wangu akiwa bado mlangoni. Aliniangalia akiwa na wasiwasi. Nikamwambia ahesabu wa sitaha yetu tu. Tulipofika Goma, giza limeshaingia na wekundu wa volkano umeonekana kidogo juu ya ukungu, alisimama kwenye ngazi akirudisha punje moja moja, watu wakimsukuma, asisogee.

Mama alikuwa ametungoja sebuleni, taa ya jua mezani. Magoti yake hayawezi tena boti, ndiyo sababu hakwenda. Alituuliza habari za Idjwi, tukamjibu wazima. Akauliza habari za Bukavu, tukamjibu fundi anasalimia.

Sikuwa nimejipanga la kusema. Nilifungua mkebe nikamwekea haragwe jekundu kwenye kiganja.

Alilitazama. Aliligeuza kwa kidole. Kisha akavuta pindo la kitenge chake, pale anapofunga pesa ya soko, akaliweka ndani, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Mumekula?" akauliza.